Tela la Boti ya Tanner

Harmsen, Wisconsin
Jumapili, 9 Machi

Dada yangu mpendwa Arlys,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Mgongo wako unaendeleaje, na vipi baridi ya huko Sioux Falls, ambako nasikia upepo hauna hata mti mmoja wa kuuzuia? Sisi huku tungali wazima, kwa kiasi cha watu wa umri wetu. Barafu ya ziwa bado ni nene, ingawa juzi Duane Kolpitz aliondoa kibanda chake cha kuvulia samaki akisema ameisikia ikilia chini ya miguu yake. Sote tunajua Duane husikia mengi. LaVonne wangu amepona goti tangu alipowekewa lile la chuma, na sasa ananitangulia ngazini na kunicheka. Mimi nina kikohozi tu cha moshi wa kuchomelea, kile kile unachokijua tangu ujana wetu.

Na shemeji Gordy? Umeandika kwamba sasa mpira wa hewa hautoki puani mwake mchana wala usiku, na kwamba daktari amesema mhesabu miezi, msihesabu miaka. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko zote. Siku ile ile nilinyanyua simu nimpigie, nikairudisha mahali pake. Kwa nini niliirudisha utaelewa ukifika mwisho wa barua hii, nami nakuomba uifikishe mwisho hata ukichukia katikati.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mwanao Tanner achague tela la namna gani kwa ile boti ya mawimbi aliyoinunua, iliyofika uani kwenu juu ya lori la kukodi kwa sababu tela lake la zamani lilikuwa limeliwa na kutu. La pili, nimpigie shemeji nimtulize, kwa kuwa tangu boti ifike hajasema na Tanner hata neno moja, na kila akipita dirishani hugeuza uso. Nitaanza na la tela, maana hilo ndilo ninalolijua, na mtu mwoga huanza na lile analolijua.

Mwambie Tanner asiamini uzito ulioandikwa kwenye kijitabu cha kiwanda. Wale huipima boti ikiwa kavu: haina petroli, haina nanga, haina mbao za kutelezea, haina kreti za bia wala maboya ya kuokolea. Tena boti za siku hizi zina mifuko tumboni ambayo hujazwa maji ya ziwa ili boti ididimie na kuvuta wimbi kubwa nyuma yake. Kijana akisahau kumwaga mfuko mmoja ameongeza uzito wa ng'ombe wa maziwa. Aipeleke boti kwenye mizani ya ushirika wa nafaka ikiwa na kila kitu chake, kisha atafute tela linaloweza kubeba hapo na robo zaidi. Liwe na ekseli mbili. Asidanganywe na mtu wa duka kwamba la ekseli moja ni jepesi kugeuza. Tairi likipasuka kwenye ekseli moja huna tela tena, una jembe linalolima lami.

Mbao za kulalia boti ziwe zimevishwa zulia na zifuate umbo la tumbo la boti hiyo hiyo, kwa sababu propela ya boti hizi iko chini ya tumbo, siyo nyuma kabisa, na tela lililotengenezwa kwa boti ya mvuvi litaing'oa siku ya kwanza. Kama banda lenu la gari ni fupi kama ninavyolikumbuka, achague lenye shingo inayokunjika. Rangi si kitu. Ila najua vijana, ataanza na rangi.

Breki nitazirudia. Breki ndizo zilizonifanya nikae mezani tangu asubuhi na kalamu mkononi.

Katika barua yako, dada, kuna mstari mmoja ulioandika bila kufikiri sana, nadhani, kwa kuwa ni jambo ambalo kwenu limezoeleka kama bomba linalovuja. Umeandika hivi: "Tanner si kama baba yake, huyu huendesha kwa akili." Hapo ndipo nilipovua miwani. Nilijua mji mzima unaamini hivyo, nilijua Gordy mwenyewe anaamini hivyo. Sikujua kwamba baada ya miaka kumi na minne, na wewe unalala naye nyumba moja, bado unaamini hivyo, na kwamba mtoto amelelewa akiamini hivyo.

Sasa niache nieleze tangu mwanzo. Mengine unayajua, lakini siku yenyewe wewe ulikuwa umetangulia na watoto wa klabu, na Tanner alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nataka yasomwe yote kwa mpangilio, na wote watatu mkiyasikia.

Unakumbuka majira yale ya baridi ambayo klabu yetu ya kuteleza majini ilipata boti mpya. Tulikutana Ijumaa baada ya samaki wa kukaanga, kwenye chumba cha nyuma, kila mtu na brandi yake, kuamua boti itabebwa na tela gani. Kulikuwa na matela mawili ya kuchagua. Moja lilikuwa langu, nililolichomelea mwenyewe karakanani kwangu, na nilikuwa nimekwisha kulipaka jina langu kwa herufi nyekundu ubavuni hata kabla ya kikao. La pili lilikuwa la duka moja la kusini mwa jimbo. Gordy alikuja na picha yake imekunjwa mfukoni.

Tofauti ilikuwa kwenye breki. Tela zito lina breki zake lenyewe. Pikapu ikipunguza mwendo, tela huisukuma kwa nyuma, kichwa cha tela huteleza kuingia ndani kiasi cha nusu kidole, na kule kuteleza ndiko kunakokaza magurudumu yake. Ni kitu kizuri, hakihitaji mtu. Shida huja unapopiga rivasi kupanda kilima. Hapo nako kichwa kinasukumwa, tela linadhani umefunga breki, magurudumu yanakaza, unakwama. Tela la Gordy lilikuwa na waya uliotoka kwenye taa ya rivasi ya pikapu: ukirudi nyuma unalegeza breki, ukienda mbele unazirudisha, bila wewe kushuka. Langu lilikuwa na kabari ya chuma. Unaichomeka kwa mkono pale kichwani ili kisiteleze, unarudi nyuma, ukimaliza unaichomoa.

Gordy alisimama na kusema maneno machache, unajua hakuwa msemaji. Alisema, "Mimi naona tuchukue hili la waya. Mtu husahau. Waya hausahau."

Nami nikamjibu nikiwa nimekaa, glasi mkononi, "Waya ukizamishwa ziwani kila siku unaoza. Mtu mwenye kichwa shingoni hahitaji waya wa kumkumbusha. Au wewe shemeji hata zipu yako umeifungia waya?"

Watu walicheka hadi Duane akapaliwa. Gordy naye alicheka. Akaikunja ile picha akairudisha mfukoni, na wote tukanyanyua mikono kuchagua tela langu, na wa kwanza kunyanyua alikuwa yeye.

Sasa nikukumbushe ule utaratibu wetu wa kugonga, kwa kuwa Tanner huenda hakuuelewa vizuri utotoni. Kwetu aliyelifunga tela ndiye anayekagua kila kitu: taa, minyororo, mikanda ya boti, breki. Akimaliza hugonga madigadi ya tela mara mbili kwa kiganja. Akishagonga, dereva hashuki kukagua. Kushuka baada ya kugongewa ni kumwambia mwenzio mbele za watu kwamba humwamini. Duane alishuka siku moja tu, nilipokuwa nimemgongea mimi, na nilimnunia kiangazi kizima.

Asubuhi ile ya Jumamosi, siku ya mashindano, kulikuwa na manyunyu. Banda la klabu liko bondeni na ua wake hauna nafasi ya kugeuza, hivyo tela hutolewa kwa rivasi kupanda hadi barabarani. Gordy alikuwa ameenda kuchukua donati za safari, akaniachia ufunguo wa pikapu yake. Mimi ndiye niliyelifunga tela, na mimi ndiye niliyelipandisha. Aliporudi na boksi la donati kila kitu kilikuwa tayari juu barabarani, kimeelekea upande wa safari. Aliniuliza kupitia dirishani, "Umekagua, Verl?" Nikamwambia, "Kila kitu." Nikagonga madigadi mara mbili. Akaondoka, nami nikamfuata kwa gari letu nikiwa na LaVonne na masanduku ya mavazi ya maonyesho, yale ya kumetameta ambayo Marcella Vrba alitushonea kwa miaka thelathini bila kutuomba hata asante.

Yaliyofuata mahakama iliyasikia. Barabara inateremka kutoka makaburi ya Walutheri hadi njia panda, na pale chini, upande wa kushoto, Marcella alikuwa ameweka meza yake ya mahindi matamu na mafungu ya majani ya bizari, kama kila Jumamosi ya Julai. Pikapu ilifika chini ikiwa haijasimama. Tela liliisukuma, likaruka ubavu, likajikunja barabarani, na boti ikatoka juu yake ikaangukia pale kwenye meza. Marcella alikuwa amesimama kutupungia mkono, kwa kuwa alijua tunapita saa ile.

Mkaguzi wa sherifu alilifungua tela langu lote. Akasema breki ni nzima, mafuta yamejaa, kichwa kinateleza vizuri. Kama breki ni nzima na tela halikusimama, basi dereva alikuja kasi, na barabara ilikuwa imelowa. Gordy aliposimamishwa kizimbani hakubisha. Alisema kwa mdomo wake mwenyewe, "Nilikuja kasi." Wakampa miezi tisa katika jela ya kaunti. Wiki ya kwanza watu walileta vyakula mlangoni kwenu kama wanavyoleta kwenye msiba. Wiki ya tatu hakuna aliyeleta, na alipotoka, Ijumaa ya kwanza mlipokwenda kula samaki, meza za kulia na kushoto zilihama moja moja mpaka mkabaki nyinyi watatu ukutani. Mwaka uliofuata mlihamia huko mbali na ziwa letu.

Nami nilisifiwa. Hili nalo liandikwe. Nilikwenda jela kila Jumapili kumtembelea shemeji yangu, nikampelekea jibini na soseji za mawindo, na mchungaji alinitaja kanisani kama mfano wa ndugu asiyemtupa ndugu. Gordy alikuwa akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliwahi kuniambia, "Umebaki wewe tu, Verl." Nikampigapiga begani nikamwambia asijali.

Dada, nimeizungukia nyumba hii vya kutosha. Sasa naingia.

Ile kabari ya tela langu ilikuwa imeundwa ianguke yenyewe pikapu ikivuta mbele, kwa ajili ya watu wanaosahau. Ilipotea ziwani wiki ya pili tu. Nilisema nitatengeneza nyingine, nikawa nasema hivyo kila siku. Badala yake nilichukua kwenye kopo langu bolti nene kama kidole gumba, nikaiingiza kwenye tundu, ikakaa kama imezaliwa humo. Bolti haianguki yenyewe, na ikibaki tunduni kichwa hakitelezi na breki za tela hazishiki. Asubuhi ile niliichomeka nipande kilima, na nilipofika juu kulikuwa na watu sita wa klabu wamesimama wakinitazama, na badala ya kushuka na kwenda kuichomoa, nilishuka nikaanza kuwaonyesha kwa mkono jinsi tela la Verlyn Radtke lilivyopanda bila waya wa mtu. Nilikuwa bado naongea Gordy alipofika na donati zake. Nikagonga mara mbili nikiwa katikati ya sentensi.

Nilikuwa nyuma yake mteremkoni. Waliniuliza mahakamani kama niliona taa za breki za pikapu zikiwaka, na zilianza kuwaka wapi. Nilikula kiapo, nikajibu kwamba nilikuwa nainua kopo la kahawa, sikuona. Nilikuwa naona, Arlys. LaVonne ndiye aliyekuwa akiangalia masanduku nyuma, mimi macho yangu yalikuwa mbele. Taa ziliwaka juu kabisa, penye lango la makaburi, mbali sana kabla ya njia panda, mapema kuliko ambavyo ningefunga breki mimi. Nilijisemea moyoni, huyu shemeji mwoga, mbona mapema hivyo. Kisha nikaona taa zimewaka na pikapu haipungui, na hapo hapo, kabla hakijatokea kitu chochote, nikaikumbuka bolti.

Tuliposimama, LaVonne alikimbilia kwa Marcella. Alikuwa bado anapumua. LaVonne alipiga magoti kwenye mahindi yaliyotapakaa, akaniita nilete blanketi. Nilisema nakuja. Nilichukua nyundo kwenye gari, nikaenda kwenye kichwa cha tela. Bolti ilikuwa imepinda kidogo, niliigonga mara mbili ikatoka, nikaitia mfukoni. Ndipo nikaenda kuchukua blanketi. LaVonne kwa miaka yote hii alidhani nilikuwa nakinga magurudumu yasiendelee kubingirika.

Ungedhani hilo ndilo baya kuliko yote, nami kwa muda mrefu nilijiambia hivyo. Lakini Gordy alikuwa ameketi chini pembeni mwa barabara, amepoteza kofia, mikono bado imekunjwa kama inashika usukani. Nilipomfikia aliinua uso akasema, "Nilikanyaga breki, Verl. Nilikanyaga toka kule juu. Hazikushika."

Aliniambia mimi kwa sababu mimi ndiye fundi. Kama ningenyamaza tu, angewaambia na wengine, na labda mtu angeuliza. Sikunyamaza. Nilichuchumaa mbele yake, bolti ikiwa bado ya moto mfukoni, nikamwambia, "Ulikuja kasi, Gordy. Unadhani ulikanyaga mapema, lakini ulikuja kasi."

Kisha nikaona analipokea. Aliliweka kichwani mwake mahali pa lile alilolijua mwenyewe kwa mguu wake, kwa sababu limetoka kwangu, na mimi nilikuwa nimegonga mara mbili. Sherifu alipofika dakika chache baadaye, Gordy alimwambia maneno yangu, neno kwa neno, na akayarudia mahakamani, na nadhani ameyarudia mbele yako mara elfu katika nyumba ile.

Sina cha kujitetea. Nilijiambia kwamba karakana yangu itafungwa, kwamba LaVonne atakosa pa kuishi, kwamba Marcella hatafufuka. Baadaye nikajiambia Gordy amekwisha kutumikia, kuyafukua ni kumuumiza tu. Nilikuwa na sababu mpya kila mwaka. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilipanga kimya kimya kuwa atakayeliliwa atakuwa yeye kwanza, na kwamba baada yake hakutabaki wa kuniumbua. Hilo niliwahi kulifikiri, dada, nikiwa na barua yako mkononi, pale uliposema miezi. Nilipumua kama mtu aliyeahirishiwa hukumu. Ndipo nikajiogopa.

Nilimwambia LaVonne Jumapili iliyopita, tukiwa bado na nguo za kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakunitukana. Alivaa buti, akachukua koleo, akaenda kusafisha theluji njiani kwetu hadi barabarani, na theluji ilikuwa bado inaanguka, na lile goti lake. Aliporudi aliniuliza swali moja, kama Marcella alikuwa ameomba kitu nilipokuwa kwenye bolti, kwa sababu yeye alimsikia akisema kitu na hakukielewa. Tangu siku hiyo analala chumba cha wageni. Ananipikia, na asubuhi hii alinisogezea karatasi na kalamu kabla sijamaliza uji.

Alhamisi nitakwenda kwa sherifu na bolti. Imekaa kwenye kopo langu la misumari muda wote huu, haina hata kutu. Nikitoka kwa sherifu, kama watanitoa, nitakwenda kwa Joanie, binti wa Marcella, nimwambie mlangoni kwake, na atakachonifanyia ni haki yake. Barua hii naituma kesho asubuhi kwa njia ya haraka ili iwafikie kabla ya simu za watu wa Harmsen, maana unajua hapa habari hutembea kabla ya mwenyewe kuvaa viatu. Sitaki Gordy alisikie kwa Duane.

Sikuombi msamaha. Ukitaka kuichana barua hii, ichane baada ya kumsomea. Msomee upande wa sikio lake zima, polepole, na Tanner awepo chumbani. Akitaka kuniona nitakuja, hata kama ni kwa basi na kwa siku moja. Asipotaka, nitaelewa. Na wewe, kama ulihama chumba chake kwa ajili ya siku ile, basi ulihama kwa uongo wangu, na wakati uliobaki ni mfupi.

Nilisema nitazirudia breki. Tanner achague tela lenye waya. Waya unaoza, nilisema kweli hapo. Auoshe kwa maji masafi kila akitoka ziwani na aukague kila masika, na ukioza abadilishe, ni kazi ya dakika ishirini. Asikubali kabari wala kipande chochote cha chuma cha kuchomeka kwa mkono, hata akiambiwa na fundi mwenye jina jekundu ubavuni. Na mtu yeyote akimgongea madigadi mara mbili, ashuke. Ashuke akague mwenyewe, amnunishe huyo mtu. Akitaka kumuuliza mtu anayejua, amuulize baba yake, kwa kuwa baba yake ndiye aliyechagua vizuri tangu mwanzo na sisi tukamcheka.

LaVonne anawasalimu wote. Salamu zake ni za kweli kuliko zangu. Msalimie Tanner, mwambie mjomba wake anampenda na kwamba asimwige. Mungu akutie nguvu mgongoni na moyoni. Na ukikaa kitandani kwa Gordy kumsomea, kama pumzi yake haitoshi kusikiliza barua yote, yaruke mengine yote na umwambie hili moja tu: taa zake ziliwaka pale juu, penye lango la makaburi. Niliziona.

Kaka yako,
Verlyn